Nungunungu na Shindano la Visima

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na kiu, na mdomo uliojaa maneno!

Haya, sogeeni. Mwenye masikio makubwa asimzibe mwenzake.

Hapo kale, katika nchi ya wanyama, mvua iligoma. Mto ukakauka, ukabaki mchanga. Mama Swala akawa anamnyonyesha mwanawe ziwa tupu. Wanyama wakaenda barazani kulia. Katibu wa baraza alikuwa Nungunungu, bwana wa miiba mingi na maneno mengi zaidi.

Nungunungu akajipiga kifua. "Msihangaike! Naitisha shindano. Atakayechimba kisima kirefu kuliko vyote atapewa kiti cha mvule, akae mbele barazani maisha yake yote."

"Na maji?" akauliza Mama Swala.

"Mama, kisima kikiwa kirefu, maji yatakwenda wapi?"

Wanyama wakapiga makofi. Nungunungu akahisi kichwa chake kimekuwa kikubwa kuliko cha Tembo.

Wakachimba, wakachimba, wakachimba. Siku ya kupima ikafika. Nungunungu akang'oa mwiba mmoja mgongoni, ukawa ndio kipimo. Akapita kisima hadi kisima. Akaenda kwa Ngiri. Akateremsha kamba, akaipima: miiba themanini. "Hongera, bwana!" Akaenda kwa Mhanga, mla mchwa mwenye makucha ya kuchimba. Akateremsha kamba, akaipima: miiba mia moja. "Hongera sana, bwana!" Akaenda kwa Bi Chura, bondeni kwenye matete. Kamba hakuihitaji: mwiba mmoja tu.

"Bi Chura, hiki ni kisima au bakuli?"

"Kina maji, Bwana Katibu. Onja."

"Sikuja kunywa, bibi. Nimekuja kupima."

Mhanga akapewa kiti. Ngoma zikalia. Nungunungu akatangaza: "Kabla ya shindano tulikuwa na visima vitatu, leo tunavyo mia mbili! Shindano limefana!" Wanyama wakashangilia kwa midomo mikavu.

Akashika njia ya nyumbani, pua juu, akijisifu kwa sauti. Mguu ukakosa ardhi. Puu! Akajikuta ndani ya kisima cha Mhanga, na mbingu juu yake ndogo kama kisahani. Akagusa chini: vumbi. Akagusa ukuta: vumbi. Akalamba jiwe: vumbi.

Siku ya kwanza akaita, kimya. Siku ya pili akaita, kimya. Siku ya tatu akasikia, "Nani humo?" Alikuwa Mama Swala, na kibuyu chake.

"Ni mimi, Katibu."

"Unafanya nini?"

Alitaka kusema anakagua. Akasema kweli. "Mama, nimetumbukia katika shindano langu."

Mama Swala akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamteremshia kibuyu. Nungunungu akanywa, machozi yakamtoka.

"Maji haya ni ya kisima kipi?"

"Cha mwiba mmoja. Mwanangu amekunywa, leo amesimama."

Akaita wenzake, wakamvuta Nungunungu kwa kamba. Alipotoka alikwenda moja kwa moja barazani, na vumbi lake mwilini.

"Jamani, mjinga ni mimi. Niliuliza mmechimba kiasi gani, sikuuliza mmekunywa kiasi gani. Tuanze upya. Leo tuhesabu nyumba zinazolala na kiu. Kiangazi kikiisha, tuhesabu tena. Atakayepunguza hesabu hiyo ndiye mshindi."

Mhanga akakataa kurudisha kiti. Haki yake, alishinda kwa sheria za Nungunungu. Lakini naye alishuka bondeni na Ngiri, Bi Chura akawaonyesha majani yanayoota palipo na maji, wakachimba hapo. Siku ya kuanza, nyumba zenye kiu zilikuwa themanini. Kiangazi kilipoisha, zilikuwa nne.

"Bi Chura, umeshinda!" akatangaza Nungunungu. "Wataka tuzo gani?"

"Fukieni yale mashimo. Wajukuu zangu wanatumbukia."

Nungunungu akayafukia mwenyewe, moja moja. Kila aliyepita alimwuliza, "Katibu, hili lina miiba mingapi?" Naye alicheka kabla yao.

Basi, wenzangu, ukitaka kutoa tuzo, itoe kwa kinachotafutwa, si kwa kilicho rahisi kupimwa.

Ngano imekwisha, aliyeipenda aibebe, aliyeichoka aniachie. Msinione mjuzi. Mwaka jana niliingia shindano la msimulizi wa ngano ndefu kuliko zote. Nilishinda! Ila sikupigiwa makofi, maana hata mwamuzi alikuwa akikoroma.