Kwa Nini Mgeni Hubisha Hodi Kabla Hajaonekana

Zamani, neno hodi likiwa bado halijulikani huku kwetu, mgeni alifika kimya na wenyeji wakamsoma nguo. Aliyevaa shuka ya pamba alipewa uji. Aliyevaa ngozi alikuwa mwizi wa ng'ombe, basi, kesi imekwisha. Wezi wenyewe walishalijua hilo, wakawa wanakuja na shuka safi, lakini nani alikuwa na habari?

Katika kijiji kimoja kilichozungushiwa boma la miiba, mlinzi wa lango aliitwa Shigela, na mkewe Nyanzobe. Asubuhi moja binti yao, Minza, aliumwa na nyoka penye kuni. Mguu ulivimba hadi gotini. Nyanzobe alimtuma kaka yake mbio ng'ambo ya mto, kwa mganga wa sumu ambaye pale kijijini hakuna aliyewahi kumwona. Kisha akaketi na mtoto mapajani, akisikiliza kila pumzi.

Jua likiwa utosini, mtu aliyevaa ngozi ya fisi alitokea njiani akikimbia. Alikuwa amemwacha mbali nyuma yule kaka, miguu imemwisha. Shigela hakuuliza kitu. Alivuta upinde, mshale ukampata yule mtu begani.

"Mwizi!" Shigela alipiga kelele, akachomoa mshale mwingine.

Yule mtu alijitupa nyuma ya kichuguu. "Mtoto aliyeumwa na nyoka yuko wapi?" aliita. "Sumu haingoji, jamani!"

Nyanzobe aliisikia sauti ile. Alimlaza mtoto, akatoka mbio, akasimama mbele ya upinde wa mumewe.

"Baba Minza, nipige mimi kwanza."

Shigela alishusha upinde. Mganga aliingia damu ikimchuruzika, akamtibu mtoto kwa mkono mmoja. Jioni Minza aliomba maji, na Shigela akalia kwa aibu mbele za watu.

Siku ya tatu mganga alirudi kumtazama mgonjwa. Hakuthubutu kujitokeza. Alijibanza kando ya lango, akaita kwa neno la kwao: "Hodi! Hodi! Hodi!" Shigela alishika upinde kwa mazoea, lakini Nyanzobe alimwahi. "Karibu!" alijibu, kabla hajaona ni nani.

Na tangu siku hiyo mgeni husimama kando ya mlango akabisha hodi, nasi humkaribisha kabla ya kuona kavaa nini. Tunaiita adabu. Watoto tunawafundisha, ila hatuwaambii kwamba ilianza kwa mtu aliyeogopa kupigwa mshale wa pili.