Kanusho la Saa Saba

Sikudhani, mtangazaji wa redio ya mji, alikuwa na ulimi laini na macho ya paka. Siku mahindi ya msaada yalipotoweka, mkuu wa wilaya, Bwana Lugongo, aliingia studio bila kupiga hodi.

"Ukiitangaza habari hiyo, redio naifunga!"

"Nani athubutu, Mheshimiwa? Ila watu wananong'ona kuwa umeyaficha wewe. Tukanushe."

"Kanusha!"

"Basi nitaje kila ghala, maana nikiruka moja watasema yamo humo. La ushirika?"

"Kanusha."

"La mashine ya kusaga?"

"Kanusha."

"La shemeji yako, nyuma ya soko?"

Lugongo akapangusa jasho. "Hilo likanushe mara tatu."

Saa saba mchana Sikudhani akalikanusha hilo peke yake, mara tatu, kwa sauti tamu. Kabla taarifa haijaisha, mji mzima ulikuwa nyuma ya soko na viroba mkononi. Jioni ghala lilikuwa tupu.

Lugongo akapiga simu akifoka. "Umewaambia nini?"

"Kwamba hayamo, Mheshimiwa. Walianza kutafuta viroba nilipoongeza kuwa umesema wewe."