Bastola Mpya ya Pasi

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa na kazi mbili. Mchana kilikuwa saluni, chenye kiti kimoja cha mbao, kioo kilichopasuka pembeni, na wanawake waliokaa mkekani wakisukwa nywele huku wao wakisuka habari za mtaa. Jioni, Msusi alipokwisha kufagia na kukunja mkeka, mumewe alitandika gazeti kuukuu mezani, akaweka bastola yake juu na kuanza kuisafisha.

Mume huyo alikuwa mlinzi wa duka la sonara. Mtaa mzima ulimwita Pasi, kwa sababu mstari wa suruali yake ya kazi ulinyooka hata watu wakasema ungeweza kukatia mkate. Mwenzake wa zamu aliitwa Kicheko, mtu wa mzaha asubuhi na jioni. Wawili hao hawakuzaliwa tumbo moja, lakini waliitana kaka, na wake zao waliazimana chumvi bila kuulizana itarudi lini.

Kazi yao ilikuwa na kanuni moja kubwa. Kila asubuhi mmoja alipiga magoti kufungua makufuli ya chini ya mlango wa chuma, mgongo wake ukielekea barabarani. Mwingine alisimama nyuma yake, mkono kwenye bastola, macho njiani. Anayefungua hageuki. Akigeuka, anachelewesha kazi na kumtilia shaka mwenzake. Kwa hiyo kila siku mmoja wao aliuweka uhai wake mikononi mwa mwingine, na miaka yote hiyo uhai ulirudishwa salama.

Siku moja kampuni ya ulinzi ilileta bastola mpya. Mtunza silaha, mtu asiyependa maneno mengi, siku hiyo alisema mengi.

"Hizi bado ngeni," aliwaambia walinzi. "Vyuma vyake havijazoeana. Hii grisi nzito ni ya kiwandani, ya kuzuia kutu njiani. Ioshwe yote, kisha mtie mafuta mepesi, tone hapa na tone pale, basi. Kila Jumamosi mje uwanja wa shabaha. Mpige, mfungue, msafishe, mpige tena. Kama ni kukwama, nataka zikwame hapa mbele yangu. Mpaka niridhike, kila mtu aende kazini na ile ya zamani."

Ile ya zamani ya Pasi ilikuwa imechujuka rangi kama sufuria ya miaka, lakini haikuwahi kumwangusha. Ile mpya ilikuwa nyeusi tii, laini, na ukiinamia unajiona.

"Mke wangu, njoo uone," alimwita Msusi jioni ile.

Msusi alifuta mikono, akasogea. Hakupenda silaha nyumbani, na kila alipoiona alimtaja Mungu kimoyomoyo. Lakini safari hii alikiri kuwa kitu kilikuwa kizuri. Alichopenda zaidi ni uso wa mumewe, kwani ulikuwa umenawiri kama siku aliyokuja kuposa.

"Shemeji, pole sana," alisema Kicheko aliyekuwa amesimama mlangoni. "Naona umeletewa mke mwenza, tena asiyepika."

"Na asiyesema ovyo kama wewe," Pasi alimjibu, wakacheka wote watatu.

Jumamosi ya kwanza Pasi alikwenda uwanjani. Bastola ilipiga, ikapiga, kisha ikakwama, risasi imeumwa nusu ndani nusu nje. Mtunza silaha akamwambia hilo si jambo la ajabu, ndiyo kwanza inajifunza, aje tena. Lakini Pasi hakuona kukwama. Aliona masizi mdomoni mwa mtutu na mkwaruzo mwembamba ubavuni, na roho ikamuuma kama aliyemwagiwa mchuzi kwenye shati jeupe.

Hakurudi. Jumamosi moja kichwa kilimuuma, nyingine mvua ilimzuia, nyingine hakutoa sababu yoyote. Kicheko yeye alikwenda bila kukosa, akirudi mikono myeusi kama fundi wa magari. Hatimaye Pasi alimwambia mtunza silaha kwamba alikuwa akifanya mazoezi siku za katikati ya wiki, kwa mkufunzi mwingine. Mtunza silaha, aliyezungukwa na walinzi wenye haraka zao, aliitazama bastola inavyong'aa, akaamini, akaipokea ile ya zamani.

"Kaka, katikati ya wiki tuko wote lindoni," Kicheko alimwuliza walipotoka. "Ulikwenda lini?"

"Umekuwa mpelelezi wangu?"

Kicheko akacheka, akayaacha. Alimpenda mno hata akashindwa kumsema.

Nyumbani mambo yalizidi. Grisi ya kiwandani Pasi hakuiosha, maana aliona ndiyo inayolinda rangi. Mafuta mepesi ya kazini nayo aliyalalamikia kuwa yanakauka na kuondoa mng'ao. Jioni moja alinyoosha mkono.

"Nipe hicho kikopo chako cha mafuta ya mgando."

"Haya ni ya nywele, baba watoto."

"Mafuta ni mafuta."

Msusi akampa. Alimtazama akiichovya pamba, akiipaka bastola nje na ndani kama anayempaka mtoto mchanga. Aliona nyuzi za pamba zikinasa kwenye vyuma. Neno lilimfika ulimini, lakini akaona jinsi mumewe anavyopiga mluzi kwa furaha, akalimeza. Alijiambia kuwa yeye ni mtu wa vitana, atajua nini habari za bastola?

Kicheko alipopita, alichungulia mezani akatikisa kichwa. "Leo bibi harusi anatoka? Kaka, hukipigi, hukichafui. Chuma gani hicho cha kubembelezwa?"

"Acha wivu."

"Wivu wa nini? Mgongo ni wangu," alisema Kicheko, akaenda zake akicheka.

Ilikuwa majira ya vumbi. Asubuhi ya siku ile zamu ya kufungua ilikuwa ya Kicheko. Alipiga magoti, funguo mkononi. Pikipiki ilisimama ng'ambo ya barabara, wakashuka wanaume wawili, mmoja akichomoa bunduki fupi koti mwake. Pasi aliwaona mapema kama ilivyompasa. Alichomoa bastola, akafyatua. Risasi ya kwanza ilipiga ukuta. Chuma cha juu kilirudi nyuma, kisha kikabaki hapohapo, hakiendi wala hakirudi. Alikivuta, vidole vikateleza. Akakivuta tena, vikateleza tena.

Kicheko hakugeuka. Hata aliposikia mlio, hakugeuka; alijua ni nani aliye nyuma yake.

Bunduki fupi ikalia. Watu walipopiga kelele, wezi walikimbia. Hawakuchukua hata pete moja. Kicheko alikuwa ameegemea mlango kama mtu anayesikiliza kitu kilicho ndani.

Mtunza silaha aliifungua ile bastola mbele ya Pasi. Ndani mlikuwa na uji mweusi wa grisi, mafuta, vumbi na nyuzi za pamba. Hakumgombeza. Alichukua kitambaa, akafuta vidole vyake kimoja kimoja, akatoka nje. Pasi alirudi nyumbani akamweleza mkewe yote, pamoja na uongo wa Jumamosi, kisha akakaa sakafuni pale wanapokaa wateja.

Baada ya mazishi Msusi alisali, akajifunga kanga, akaenda peke yake kwa mjane wa Kicheko. Alimkuta akikunja nguo za mumewe.

"Wanasema ilikwama," mjane alisema bila kuinua macho. "Wewe ni mwenzangu, niambie. Ilikwamaje, na ni mpya?"

Msusi angeweza kusema ni kudra, na hakuna ambaye angembishia. Lakini hakutaka kumsingizia Mungu. Alieleza yote. Alieleza mazoezi ambayo hayakufanyika na pamba ile, kisha akasema, "Mafuta nilimpa mimi, kwa mkono huu. Niliona, nikanyamaza."

Mjane aliendelea kukunja shati lilelile, akalikunjua, akalikunja tena.

"Asubuhi ile nilimwambia ajiangalie," alisema. "Akanijibu, 'Nijiangalie nini? Leo kaka ndiye yuko nyuma yangu.'" Akaliweka shati mapajani. "Mwenzangu, sina neno la kumlaumu mumeo, wala sina la kumsamehe. Yote yamenikauka. Nenda nyumbani."

Msusi alitoka. Nje walikaa majirani, na mmoja akamshika mkono, akamwuliza kwa kunong'ona, ilikuwaje bastola mpya vile, nzuri vile, ikawasaliti?

"Haikutusaliti," Msusi alimjibu huku machozi yakimtiririka. "Tuliipenda tu kwa upya wake. Wahenga walisema, nasi tukasikia kwa sikio moja: kipya kinyemi, ingawa kidonda."