Mashela ya Bi Mwamvua

Shela haliogopi safari, huogopa jirani. Methali hiyo mmeisikia asubuhi kwa shangazi yenu, mkataka kujua ilikotoka. Basi tulieni. Ilizaliwa kinywani mwa fundi mmoja wa Ujiji, Bi Mwamvua.

Bi Mwamvua alishona mashela ya harusi yaliyotariziwa lulu ndogo pembezoni. Mwaka mmoja akaagizwa mashela kumi na mawili ng'ambo ya ziwa, Kalemie, kwa mabibi harusi waliokuwa waolewe siku moja. Alishona miezi minne. Kila shela akaliviringisha kwenye mwanzi uliovikwa kitambaa, lisifanye mikunjo, akayalaza yote kashani na kulipeleka mwenyewe bandarini Kigoma.

Karani wa ghala, Bukuru, alilinyanyua kasha kwa mkono mmoja. "Jepesi hili," akasema, akalisukuma penye nafasi, kati ya madebe ya mawese, mafuta mekundu ya michikichi.

Bi Mwamvua hakuondoka. "Baba, naomba ulihamishe."

"Mama, meli inapakiwa kesho. Wewe omba ziwa litulie tu."

"Ziwa silihofu. Shela haliogopi safari, huogopa jirani."

Wapagazi wakacheka. Uso ulimwiva kwa aibu, lakini alilivuta kasha lake, akazunguka ghala zima akiuliza: huu mzigo wa nini, na ule? Dagaa. Ngozi mbichi. Mwishowe akafika penye magodoro ya sponji. Akamsihi mwenye magodoro, naye akaridhia kasha lisafiri katikati ya magodoro yake. Bukuru akaandika upya hati, huku akiguna.

Ziwa lilichafuka kweli. Madebe mawili yakapasuka, mawese yakatambaa kwenye marobota ya nguo. Gatini Kalemie, mabibi harusi waliona marobota yakishushwa mekundu, na mmoja akaanza kulia. Kisha magodoro yakashuka, na kasha likafunguliwa mbele yao. Mashela kumi na mawili, meupe pe, hakuna hata lulu moja iliyodondoka. Vigelegele vilizima honi ya meli.

Bi Mwamvua aliporudi ghalani na kasha jingine, habari zilikwisha kumtangulia. Wapagazi walisogeza magunia kumpisha. Bukuru alikuwa akibishana na tajiri mmoja aliyetaka vitambaa vyake viwekwe popote, mradi viwahi meli.

"Subiri, bwana," Bukuru alikuwa akimwambia. "Shela haliogopi safari, huogopa jirani."