Masizi Yaliyonawa

"Hata masizi hunawa kabla ya kuingia mpirani." Mmemsikia mama yenu akisema hivyo, wajukuu zangu, mkaniuliza masizi gani yenye mikono. Methali hii ilianza hivi, kama nilivyosimuliwa na shangazi yangu Mamkiwa, mwaka ule nilioacha shule darasa la nne, tukipukuchua mahindi.

Mumewe, Mhina, alikuwa mgema mpira huko Muheza. Alikuwa amepona ukoma, ila ulimwachia nyayo zilizokufa ganzi. Akichomwa mwiba hajui mpaka aone damu. Mganga wa zahanati alimwonya: kidonda kingine kikioza, mguu unakatwa. Basi shangazi akawa anagandisha utomvu mweupe wa mpira kwa ndimu, anaukausha juu ya moshi, anamkatia ndala. Wiki mbili haziishi, zimepasuka.

Safari moja alitengeneza jozi, kila ndala na karai lake. Mama mkwe, Bibi Nyange, akaja kusugua sufuria kando yake, maji machafu yakarukia karai moja. Shangazi akanyamaza. Mkwe hakaripiwi.

Ndala ya karai lile, ya kulia, ikatoka nyeusi, mbaya kuitazama. Ya kushoto, nyeupe safi, ikapasuka siku ya kumi. Ile mbaya ikaenda mwezi, ikaenda miwili. Nyumba nzima ikachanganyikiwa.

"Labda nakanyaga vibaya kushoto," alisema Mhina.

"Hilo jicho la watu," alisema Bibi Nyange.

"Jicho gani, mama, linalochagua mguu?"

Shangazi akakisia ni masizi. Akayakwangua makavu chunguni, akayatia kwenye utomvu, akakoroga. Ndala ikatoka na madonge, na siku ya tatu ikakatikia palepale penye donge. Mhina akarudi nyumbani anaacha alama za damu njiani, wala hana habari. Sasa shangazi hakuelewa lolote. Masizi yaleyale, utomvu uleule!

Akamfunga kidonda mumewe, kisha akaenda kumpigia magoti mkwe.

"Mama, niwie radhi. Siku ile karaini kwangu kuliingia nini?"

"Kumbe uliona! Nikasema, mbona mwali kaninunia miezi miwili? Maji ya sufuria hayo. Masizi na povu la sabuni."

"Sabuni?"

"Ulitaka nisugue kwa mate?"

Wakayaponda masizi kwa maji ya sabuni mpaka yakawa laini kama uji, ndipo wakayatia. Safari hii hayakufanya donge, yakaenea utomvu wote. Kwa nini sabuni iyapatanishe, shangazi hakujua mpaka anazeeka, na mimi sijui.

Ndala ile ilimaliza masika nzima. Adhuhuri moja Mhina alirudi kutoka kugema, akajilaza mkekani, usingizi ukamchukua. Shangazi akazikagua nyayo zake, moja baada ya nyingine. Kidonda kimefunga, hakuna kipya.

"Unaona?" Bibi Nyange akamnong'oneza. "Hata masizi hunawa kabla ya kuingia mpirani. Na wewe neno lako ungelilainisha ukaniuliza siku ileile, mwanangu asingetoka damu."

Shangazi akajinyoosha kando ya mumewe, naye akalala.