Ukelele wa Mwisho wa Asteria

Kaeni vizuri. Hadithi hii nikiimaliza nitataka jibu, kwa hiyo mwenye tabia ya kusikiliza huku anasinzia aje akae karibu nami, nipate kumfinya.

Palikuwa na bendi ya roki mjini Morogoro, jina lake Ngurumo. Watu wanne tu. Sauda Kiango alipiga gitaa la besi, na kipaji chake kingine kilikuwa ubishi. Akishasema hapana, hata umletee mkuu wa mkoa, ni hapana. Mihayo alipiga dramu, Mnyamwezi mwenye mdomo usiochoka, wa kukuchekesha mpaka usahau ulichomfuata. Kibwana Mloka alipiga gitaa la solo, naye alijaliwa masikio. Alikuwa akipita nje ya kanisa anajua kinanda cha ndani kimeharibika noti gani. Mbele ya hao watatu alisimama Asteria Mkude, Mluguru, mwimbaji.

Asteria alianzia kwaya ya parokia. Mwalimu wa kwaya alimweka mstari wa nyuma, kisha nyuma ya nguzo, kisha akamwomba apumzike kidogo, maana sauti yake iliwameza wenzake wote. Akapumzika kwa kuanzisha bendi. Onyesho la kwanza walikuja watu kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa wanasubiri mvua ikatike. Watu wakasema roki ni kelele za wenye hasira. Asteria akaimba vilevile, kila Jumamosi, miaka tisa, mpaka ukumbi ukawa unafurika.

Kilichowavuta watu kilikuwa ukelele. Kwenye wimbo wa mwisho vyombo vyote vilinyamaza, naye akapiga ukelele wa pumzi moja, na ndani ya ukelele jina la mtu mmoja. Lilikuwa jina la mtu aliyefanya jambo la maana wiki hiyo: muuguzi, fundi cherehani, mama aliyerudi shule na watoto wanne. Aliyetajwa alisalimiwa sokoni na watu asiowafahamu. Wako waliotajwa miaka sita iliyopita na bado wanaringa.

Jumamosi moja ukelele ulikatika katikati. Ikatoka hewa tupu.

Daktari alimchungulia koo, akakuta uvimbe. "Siku sitini usitoe sauti," akasema. "Hata kunong'ona usinong'one. Ukijisahau ukapaza sauti hata mara moja, utafute kazi nyingine."

Asteria akaandika kwenye daftari: "Zikiisha nitaimba?"

"Zikiisha tutaona."

Akaandika tena, kwa herufi kubwa: "NITAIMBA." Na kila asubuhi alilala chali sakafuni, kiroba cha unga cha kilo tano juu ya tumbo, akavuta pumzi na kukiinua, akakishusha, akakiinua tena. Siku sitini bila kuruka hata moja.

Sasa sikilizeni walichofanya wenzake, mkipime vizuri.

Sauda aliitunza nafasi ya Asteria. Wiki ya kwanza tu mwenye ukumbi alileta msichana mwingine wa kuimba, na siwadanganyi, alikuwa na sauti nzuri sana. Sauda akasema hapana. "Dada," mwenye ukumbi akamwambia, "watu hawalipi kiingilio kumtazama mtu ambaye hayupo." Sauda akajibu, "Watakuja." Akasimika kipaza sauti cha Asteria katikati ya jukwaa, nyuma yake hakuna mtu, akawaambia watazamaji: "Maneno mnayajua. Imbeni wenyewe." Walimzomea. Mmoja akamrushia chupa. Sauda akaiokota, akaiweka kando, akaendelea na besi yake. Wiki ya tatu wakaanza kuimba. Wiki ya sita waliimba mpaka madirisha yakatikisika, na hakuna aliyeulizia mwimbaji mpya tena.

Mihayo alikitunza kimya chake. Siku ya arobaini na moja alifariki Bibi Koleta, bibi aliyemlea Asteria tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Mjukuu wa namna hiyo hakai msibani kimya. Mashangazi walijua habari ya daktari, lakini msiba ni msiba. "Mlilie bibi yako!" wakamwambia. "Au huna uchungu?" Alikuwa nao. Kifua kilipanda, mdomo ukafunguka, na kilio kilikuwa kinatoka. Hapo hapo Mihayo akaingia mbio, amevaa gauni la marehemu na kilemba chake, anachechemea kwa fimbo vilevile kama Bibi Koleta. Mnyamwezi na Mluguru ni watani, na mtani akifanya vituko msibani hakasirikiwi. Akamfunga Asteria kanga mdomoni. "Huyu mateka wangu!" akapaza sauti. "Halii mpaka mnipe jogoo, tena mweupe!" Mashangazi wakacheka huku wanafuta machozi. Mtani ameshafunga, nani afungue? Siku tatu Mihayo hakutoka ubavuni pake. Uchungu ulipomzidi Asteria, Mihayo alilia kwa sauti badala yake. Watu walidhani ni utani. Mimi nasema si wote ulikuwa utani.

Kibwana alizitunza nyimbo. Siku ya sitini na moja Asteria alifungua mdomo kwenye mazoezi, ikatoka sauti nzito, ya chini, kama imechanganywa na mchanga. Kila wimbo ulimshinda pale juu. Aliimba wa kwanza ukavunjika, wa pili ukavunjika, hadi wa kumi na nne. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza alipochukua mkoba wake akaelekea mlangoni.

"Rudia ule wa mwisho," Kibwana akasema.

"Si umesikia umevunjika?"

"Umevunjika juu. Huko chini kuna kitu sijawahi kukisikia kwa binadamu. Rudia."

Kibwana alifunga nyuzi nene zaidi kwenye gitaa, akazishusha sauti zote, akazijenga upya nyimbo kumi na nne kwa kuifuata sauti ile. Wiki tatu. Vidole vilipasuka, akavifunga plasta akaendelea. Solo zake zilizompa jina mjini, zile za kupanda juu na kumfunika mwimbaji, alizitupa zote. "Hata ile unayoipenda?" Asteria akamwuliza. "Hata ile," akasema, na kwa kweli iliuma.

Siku ya kurudi jukwaani ikafika. Daktari alimruhusu kuimba, lakini ukelele akaukataa. Asteria akabembeleza, akakaa ofisini mwake mpaka mchana ukaisha. Mwishowe daktari akasema, "Mmoja tu. Na huo uwe wa mwisho maishani mwako."

Mmoja, maana yake jina moja.

Nyuma ya jukwaa wenzake walianza kulidai kwa adabu, adabu ikaisha upesi. "Bila mimi angekuwa amesimama mwingine pale," Sauda akasema. "Chupa nilirushiwa mimi." Mihayo, safari hii hakutania: "Nafasi bila sauti angeifanyia nini? Angelia siku ile, leo tusingekuwa hapa." Na Kibwana, ambaye huwa hasemi sana: "Sauti alikuwa nayo, na alikuwa mlangoni anaondoka."

"Taja bendi basi, yaishe," Mihayo akamwambia Asteria.

"Nikitaja bendi nitakuwa nimekimbia," Asteria akasema. "Miaka tisa nimetaja mtu. Leo pia nitataja mtu."

Wakapanda. Aliimba nyimbo kumi na tatu kwa ile sauti yake mpya, na watu waliokuwa wakimwimbia wiki zote zile wakanyamaza wapate kumsikia. Ukaja wimbo wa kumi na nne. Besi ikanyamaza, dramu ikanyamaza, gitaa likanyamaza. Asteria akageuka akawatazama wote watatu, na hakuna aliyekwepesha macho. Kila mmoja alilitaka jina lake, na kila mmoja alistahili. Akavuta pumzi, yote aliyokuwa nayo.

Nimeisimulia hadithi hii mara nyingi, na kila mahali watu wameondoka wanagombana. Ndugu wawili wa tumbo moja walinuniana wiki nzima. Kwa hiyo msiniulize mimi. Pumzi imeshajaa kifuani na haitarudi tena. Wewe ungekuwa Asteria, ungemtaja nani?