Ziba, Fundi, Ziba

Wapendwa, kabla sijafunga hii Biblia, nivumilieni kidogo niwape habari za mama mmoja wa milimani, kule ambako hata Desemba mtu huja ibadani na koti, na juu ya koti kajifunga blanketi.

Mama huyu alikaa katika nyumba ya zamani iliyojengwa na meneja wa shamba la chai, na sebuleni mlikuwa na meko. Sisemi jiko la kupikia. Nasema lile tundu kubwa ukutani la kuotea moto, lenye dohani yake, ile njia ya moshi inayopanda mpaka juu ya paa. Tangu mumewe afariki halikuwashwa hata siku moja. Mbayuwayu walijenga humo, masizi yakawa yanadondoka, na chini mama akawa anaweka viatu vibovu.

Mwaka huo mwanawe akampigia simu: "Mama, Krismasi tunakuja wote watatu." Wote watatu! Yaani kijana, mkewe, yule binti wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kukanyaga ukweni, na mjukuu wa kwanza, wiki saba tu. Mama alifurahi mpaka akakaa chini. Kisha akainua macho, akaliona lile tundu jeusi, furaha ikaingia doa. Mkwe atasema nini?

Akamwita fundi, mzee mmoja mtaratibu, akampa kazi: plasta mpya, rangi nyeupe, vigae vyekundu chini. Yeye akaenda sokoni kununua mapambo. Akiwa huko, mvua ikaanza kupiga mabati ya soko, ndipo akakumbuka masizi. Rangi nyeupe na masizi! Akapiga simu haraka.

"Fundi! Ile dohani, ziba! Ziba kabisa!"

"Nizibue kabisa, mama?"

"Eeh, ndiyo hivyo hivyo! Leo leo!"

Mnacheka. Nyie hamjawahi kuongea na simu chini ya bati mvua ikinyesha?

Jioni aliporudi alikuta meko yanang'aa kama sahani ya harusini. Akauliza, "Na dohani umemaliza?" Fundi akajipangusa mikono, akajibu, "Nimemaliza, mama. Kazi safi." Wakaagana kwa furaha, kila mmoja na yake kichwani. Mama akapanga matawi ya msonobari, akatundika taa za kuwaka na kuzima, akasogea nyuma kutazama. Akajisikia mtu mbele za watu.

Wageni walifika mkesha wa Krismasi, saa nane mchana, mvua inamwagika. Mkwe alipoona ile sebule alisema, "Mama, jamani, pazuri!" Mama akayameza maneno yale kama asali. Lakini haikupita nusu saa umeme ukakatika. Taa kwisha. Baridi ikaingia, na yule binti wa Dar, hata kwa adabu zake zote, meno yakaanza kugongana. Kijana alikuwa ametoka kwenda kusalimia kwa mjomba wake.

Mama akafanya kile ambacho wengi wetu hapa tumekifanya. Akafunga madirisha. Akaziba chini ya mlango kwa kanga. Akaleta jiko la mkaa, umeiva mwekundu, akaliweka ndani ya yale meko meupe, katikati ya mapambo. "Pumzikeni, mwanangu," akasema. "Mmechoka na safari." Mkwe na mtoto wakalala kwenye kochi, mama akaenda jikoni, nyuma ya nyumba, kukanda unga wa chapati.

Ikapita saa nzima. Fundi akapita kumsalimia, akakaribishwa chai.

"Wageni wako wapi, mama?"

"Wamelala sebuleni, wana joto lao. Nimewawekea jiko la mkaa kwenye meko."

Fundi akatabasamu. "Ndiyo maana nilifurahi uliponiambia niizibue. Nimetoa viota, nimetoa masizi gunia zima. Inavuta hewa kama mpya."

Mama akaacha kukanda. "Uizibue? Fundi, mimi nilikuambia uizibe!"

Hasira zikampanda. Rangi yake nyeupe! Akafungua mdomo amseme vizuri, lakini fundi alikuwa ameshaweka kikombe chini, uso umembadilika.

"Mama," akasema polepole, "kwa hiyo wewe ulijua imezibwa, ukafunga na madirisha, ukaweka mkaa?"

Hapo mama akakumbuka. Mwaka jana tu, ng'ambo ya bonde, walizika mtu na mkewe siku moja kwa sababu ya jiko la mkaa chumbani. Yeye mwenyewe alipika kwenye ule msiba. Hewa ile ya sumu ya mkaa haina rangi, haina harufu, haibishi hodi.

Alikimbia na unga mikononi. Akasukuma mlango, akapiga magoti kwenye kochi, akamgusa mtoto usoni. Mtoto akakunja uso, akapiga chafya, kisha akalia kwa njaa yake yote. Mkwe akashtuka: "Mama, kuna nini?" Mama alikuwa analia na kucheka, amemkumbatia mkwe wake, unga umemjaa binti wa watu mgongoni, na aibu yote ya sebule imemtoka.

Fundi akafungua madirisha. Akalitoa lile jiko nje, maana hakutaka kubahatisha tena, akawasha kuni. Jioni ile waliota moto pamoja, na masizi yakachafua rangi nyeupe. Hakuna aliyeyatazama.

Sasa sisi. Sisi tunaopamba panapoonekana. Ni mara ngapi tumepiga magoti tukamwambia Mungu: ziba? Ziba mdomo wa anayenisema. Ziba ile habari ya nyumbani kwangu isitoke. Naye akazibua, ikatoka, tukachafuka, tukamnunia. Wewe uliyekaa hapo umemnunia tangu Pasaka, unadhani hakukusikia.

Fundi alikosea kusikia, ndugu zangu. Mungu hakosei. Alisikia vizuri kabisa uliposema ziba. Ila wewe ulikuwa unatazama rangi ya ukuta, na yeye alikuwa anamtazama mtoto aliyelala ndani.